Nilikuwa Nawaonjea Wazee

Msimu mmoja wa mvua, hapo Kolwezi, mji wetu wa migodi katika jimbo la Katanga, kazi yangu ilikuwa kula kabla ya wengine. Sikulipwa na sikuiomba. Watu wamenisifu kwa kazi ile tangu siku hizo, na kila wanaponisifu natafuta sababu ya kuondoka chumbani.

Nianze na nyumba yenyewe. Ilikuwa nyumba ya wazee nyuma ya parokia yetu, majengo marefu ya matofali yenye baraza moja, chini ya masista. Walikaa humo watu ambao kampuni ya migodi iliwatumia ujanani na kuwasahau uzeeni: wajane, vipofu, wanaume walioacha mguu au mapafu chini ya ardhi. Kwetu kumpeleka mzazi katika nyumba ya namna ile ni jambo la kusutwa hadi kaburini, kwa hiyo aliyekuwa humo ujue kweli hakuwa na mtu.

Sisi tulikuwa kamati ya kutembelea, wanawake wachache wa parokia pamoja na tata mmoja, ndivyo tunavyomwita baba mtu mzima, muuguzi mstaafu. Paroko alituanzisha baada ya mzee mmoja kukaa na kidonda mpaka kikatoa funza bila mtu kuona. Hatukuwa na cheo wala sare. Tuliingia bila kutoa habari, tukainua mablanketi, tukanusa mashuka, tukatazama kucha, tukamuuliza kila mzee amelalaje, na mwisho tukaonja chakula jikoni. Kuonja waliniachia mimi, kwa sababu nina mdomo. Chumvi ikikosekana nilisema, mafuta yakipungua nilisema kwa sauti, na mpishi, mwanaume mpole wa kutoka Kasaji, hukuhuku Katanga, aliniogopa kuliko alivyomwogopa sista mkuu. Nilipenda kuogopwa namna ile.

Kulikuwa humo na mama mmoja mzee wa Kasai, jimbo la jirani, niliyempenda, labda kwa kuwa alikuwa mkali kunipita. Aliletwa Katanga akiwa msichana, kuolewa na mfanyakazi wa kampuni ambaye hakuwahi kumwona kabla ya kushuka kwenye treni. Alimzika mume huyo Kolwezi, na watoto wote aliozaa naye aliwazika Kolwezi pia. Mimi ni Muluba wa kaskazini mwa Katanga, yeye alikuwa Muluba wa Kasai, lugha zetu ni ndugu, na tulitaniana kwa hilo bila kuchoka. Nilipoinua shuka lake alikuwa akiniambia, "Nusa muzuri, mama. Leo nilikojoa marashi." Wenzake walicheka mpaka wakakohoa, na mimi nikawa nacheka pamoja nao.

Kisha mambo yakaanza kuvunjika. Kampuni ilikuwa inaanguka. Mishahara ilichelewa, halafu ikaacha kuja kabisa. Hospitali ikabaki na vitanda bila dawa, mabomba ya maji yakakauka mtaa baada ya mtaa, tukarudi kwenye visima na vijito kama babu zetu. Katika njaa ile wakubwa wakasimama kwenye mikutano wakatuambia nani ametula: ni watu wa Kasai. Watu tuliozaliwa nao mtaa mmoja, tuliosoma nao dawati moja, wakaitwa wadudu. Vijana wakapita nyumba kwa nyumba wakiimba kwamba wageni warudi kwao, na waliofukuzwa wakajazana kwenye stesheni na magodoro na masufuria yao, wakingoja treni isiyokuja. Mume wangu alikuwa karani. Asubuhi moja alipewa meza ya mwenzake wa Kasai, kalamu zikiwa bado juu yake, naye akaketi. Nami jioni nilimpikia kama siku zote.

Kipindupindu kilianzia pale stesheni, ambapo watu walijisaidia na kuteka maji mahali pamoja, maana hawakuachiwa pengine. Hakikukaa huko. Kilifuata vijito, kikaingia katika mitaa ya waliofukuza pia, na wimbo ukapungua kidogo, kwa kuwa mtu hawezi kuimba na kuhara.

Sista mkuu akafunga lango la wazee. Tata muuguzi ndiye aliyemshauri, na alisema kweli: mzee hana maji mengi mwilini ya kupoteza. Kamati nzima ikabaki nje. Tukawa tunasimamia nyumba kutoka kwenye uzio wa waya, tumeshika nyavu zake, tukipiga kelele kuvuka uwanja, "Tata, ulilala je?" na mzee tuliyemwita, ambaye ni kiziwi, anatujibu habari za kuku. Tulirudi nyumbani tukiwa hatujui kitu, tukajiambia kwamba angalau tumeonekana.

Haikupita wiki sista akatuma mtu aniite. Wazee wa Kasai walikuwa hawali. Sahani zilikuwa zinarudi jikoni kama zilivyotoka, bukari, ndio ugali wetu, imekauka juu, na baadhi yao walikuwa hawawezi tena kusimama. Nilizungumza na yule mama kupitia nyavu. Alikuwa amekaa chini kwenye udongo, jambo ambalo hakulifanya kamwe, kwa kuwa alijiheshimu.

"Mupishi ni wa hapa," akaniambia. "Na bale banaimba kule inje ni ba hapa. Mi nijue je?"

Hapo lazima nieleze desturi yetu. Anayekupa kibuyu cha pombe au sahani ya chakula huanza yeye kuonja mbele ya macho yako. Tunasema anatosha buloji, yaani anaondoa uchawi na sumu. Siku za kawaida jambo hilo hufanywa haraka kama salamu, na hakuna anayefikiri habari ya sumu. Siku zile kila mtu aliifikiri. Mpishi alikuwa ameonja mbele yao, mara nyingi, hakuridhisha mtu, wakasema mwenye sumu huwa na dawa ya kujikinga na sumu yake. Alikuwa amewapikia miaka na miaka. Alikwenda nyuma ya jiko akalia, nami nilimwona, na kwa aibu nikajifanya natazama mawingu.

"Kama ni ile mama ya midomo njo anaonja," mzee mmoja akasema, "miye nitakula."

Ndivyo nilivyoingia. Tata muuguzi alinisimamia langoni: nivue viatu, nioshe mikono hadi viwiko kwa maji ya javel, dawa ya kuua vijidudu, nivae kitambaa safi ambacho hakikutoka nje kamwe. Ngozi ya vidole ilibanduka. Nikasimama barazani mbele yao, nikachukua tonge, nikalichovya katika mboga ya lengalenga, nikatafuna, nikameza. Yule mama akaniambia, "Fungua kinywa." Nikafungua. "Inua ulimi." Nikainua. Wazee wakaanza kucheka, na katikati ya kicheko mikono ikaenda kwenye sahani. Sista aligeukia ukuta ili tusimwone anavyojifuta macho.

Nikaja kesho yake, na kesho yake tena, adhuhuri na jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Nikawa naonja mpaka maji ya kunywa, mpaka vidonge, ambavyo nilivigusa kwa ncha ya ulimi huku tata muuguzi akikunja uso. Na nyumba ile haikuingiwa na kipindupindu. Nje ya uzio watu walizikwa bila majeneza, ndani wazee walikuwa wanagombania mahali pa kukaa kwenye jua. Basi nikavimba kichwa. Niseme ukweli wote, nilifurahi. Mji ulikuwa unawatenda watu vibaya kwa jina la watu wa jimbo langu, mume wangu ameketi kwenye kiti cha mtu, na mimi kila siku nilipata mahali pa kuonekana mwema. Nilipomeza tonge mbele yao nilikuwa najiosha.

Siku moja nilichelewa, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa na vijana. Nilipofika niliwakuta wamekaa mbele ya sahani zilizopoa, mikono magotini, wote wanatazama lango. Mtu mwenye akili angeogopa. Mimi nilitabasamu, nikasema, "Bazee, hamuna haya? Mulikosa meno?" Nao wakanishangilia kama bibi harusi.

Tata muuguzi hakushangilia. Alinivuta pembeni akaniambia kwamba afadhali wazee wa Kasai wakae jikoni wenyewe, kila siku mmoja, watazame chungu kikipikwa tangu maji mpaka chumvi, na waonjeane wenyewe kwa wenyewe. Alisema wanajifunza jambo baya.

"Bananiamini miye, tata," nikamjibu. "Ubaya iko wapi?"

"Ukigonjwa kesho, banakula nini?"

"Sitagonjwa."

Na kweli sikuugua. Afya yangu ilikuwa nzuri kupita kiasi. Jambo lile tuliliacha hapo, maana nilimwona ana wivu, na yeye alikuwa mtu wa kunyamaza.

Hatimaye treni ilipatikana. Vijana wakaja langoni wakamwambia sista kwamba watu wote wa Kasai waliomo ndani watoke, wapande pamoja na wenzao, la sivyo wataingia kuwatoa wao, na wamekuja na mafuta ya taa. Sista alibishana nao alasiri nzima akiwa amesimama kwenye matope. Alichopata ni hiki: asiyeweza kuketi angojee treni itakayofuata. Aliyeangukia hapo alikuwa mzee mmoja tu, aliyepondwa mguu mgodini, ambaye siku zile alikuwa na homa kali. Wengine walianza kukusanya vitu vyao.

Yule mama alikataa. Alikaa juu ya kitanda chake akashika chuma kwa mikono yote miwili.

"Niende kwa nani? Batoto yangu bote beko hapa, mu udongo. Kule sijue hata njia ya mayi."

Sista alimsihi, paroko alimsihi. Nje tulisikia wanavyogonga mtungi wa mafuta kwa fimbo, taratibu, kama watu wanaoua muda. Kisha mama akaniangalia.

"Na weye? Weye unasema je?"

Chumba kizima kilinitazama. Nilijua kwamba akibaki watachoma nyumba na kila aliyemo. Nilijua pia kwamba Kasai hana mtu. Ningeweza kumwambia hivyo hivyo, yote mawili, angekuwa na haki ya kuchagua kwa macho wazi, maana alikuwa mzee, hakuwa mtoto. Badala yake nikamwambia kwa sauti ile ile niliyowaambia chakula kina chumvi ya kutosha:

"Wende, mama. Kule ni kwenu. Batakupokea muzuri."

Kwenu. Ndilo neno waliloliimba wale wa nje, na lilitoka kinywani mwangu bila kunikwaruza koo. Yeye akaachia chuma cha kitanda.

"Bon, haya," akasema. "Kama ni weye unasema."

Nilimfungia chakula: bukari katika majani ya migomba, samaki wa kukaushwa, karanga, maji yaliyochemshwa katika chupa. Nilionja kila kitu mbele yake, naye akanikagua ulimi kwa mara nyingine, tukacheka, ingawa macho yetu hayakucheka. Niliona chakula ni kingi. Lakini safari ilikuwa ndefu mara nyingi kuliko chakula kile, na treni zetu tangu lini zilifika siku inayosemwa?

Stesheni sitaieleza yote. Mabehewa yalikuwa ya kubebea madini, mengine bila paa. Tulimwinua, tata muuguzi na mimi, tukamketisha juu ya godoro la familia moja iliyokubali kujibana. Alikuwa mwepesi. Alinishika mkono akawa anauminya-minya kidole kwa kidole, hakulia, aliniuliza tu kama nimekula. Mtu mwingine akahitaji nafasi ya kupita, mkono ukaachia. Nilirudi nyumbani kabla treni haijaondoka, kwa kuwa harufu ya mahali pale na macho ya watu vilinishinda. Ningeweza kupanda naye, angalau mpaka stesheni ya Lubudi, nikarudi kwa treni ya mizigo. Wapo waliofanya hivyo. Nilikuwa na watoto. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini haijawahi kunitosha.

Habari ililetwa na mwanaume wa reli, mzaliwa wa Lubudi, aliyesali parokia yetu. Alitusimulia baada ya misa, mbele ya kanisa, sisi wanawake tukimzunguka. Treni ilikwama Lubudi, injini imekufa, na watu wakakaa mabehewani juani na mvuani siku baada ya siku. Wanawake wa Lubudi, Wakatanga kama sisi, hawakuvumilia kuona. Walikuja kando ya reli na viazi vitamu na ndoo za maji ya kuchemsha.

"Bote balikula," akasema. "Ila mama mumoja muzee. Balimupatia biazi, akakatala. Balimupatia mayi, akakatala. Bibi yangu mwenyewe alionja mbele yake, akameza, akamuonyesha kinywa. Mama akamuambia, asante mwana yangu, lakini weye sikujue. Iko mama mumoja wa Kolwezi, ule njo anaonjaka. Nitamungoya."

Walimbembeleza mpaka midomo yake ikapasuka. Walijaribu kumlazimisha, akafunga meno. Alizikwa kando ya reli, mbele kidogo ya Lubudi, na mke wa yule mwanaume, huyo aliyeonja, aliweka jiwe. Mwanaume wa reli alitikisa kichwa, akasema uzee ni kitu cha ajabu. Hakujua kwamba ananisimulia mimi habari zangu.

Nilifikiri dunia itaniangukia. Haikuniangukia. Mume wangu alisema ni uzee. Paroko alisema Mungu amempumzisha. Sista mkuu alinishika mabega akasema kwamba bila mimi mama yule angekufa kwa njaa tangu mwanzo, barazani, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Hata tata muuguzi, ambaye peke yake alikuwa na haki ya kunisema, alinikaribisha kiti. Nilitamani mtu mmoja anitukane. Mtu akikutukana unaweza kujitetea, na ukijitetea unapata pumzi. Mimi niliachwa na huruma yao, nikazunguka nayo mji mzima. Mpaka leo nikiona mtu anamwamini mtu kupita kiasi, hata mtoto kwa mama yake, nasikia hasira ambayo siwezi kuieleza.

Mzee wa mguu nilimwambia mimi mwenyewe. Homa ilikuwa imeshuka, anaweza kuketi, na ndiye peke yake wa Kasai aliyebaki barazani katikati ya viti vitupu. Alikuwa ameishi jirani na yule mama miaka mingi, wakigombana juu ya kivuli. Aliuliza amekufaje. Nilitaka kumwambia kwamba ni homa. Lakini kwa siku zile nilikuwa nimeshachoka na sauti yangu ya kuwatuliza watu, nikamweleza yote kama nilivyosikia, viazi, maji, na maneno aliyoyasema. Alisikiliza akiwa anasugua goti. Nilipomaliza nikaenda zangu.

Kesho yake adhuhuri nilivua viatu langoni, nikaosha mikono, nikaja barazani. Mpishi alikuwa ameshaweka sahani: bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nikanyoosha mkono kumega tonge kama kila siku. Mzee akafunika sahani kwa kiganja chake.

"Acha, mama. Leo usionje."

"Iko nini, tata? Nilikukosea?"

"Hapana." Alikuwa ananiangalia kwa upole, na huo upole ndio ulionivunja. "Treni ingine iko inakuya. Acha nijifunze."

Nikarudisha mkono. Alimega tonge dogo, akalishika muda mrefu, jasho limemtoka kwenye paji la uso kama mtu anayebeba mzigo. Mpishi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, hathubutu kusogea. Mzee akafumba macho, akalitia tonge mdomoni, akatafuna, akameza. Akangoja kidogo. Kisha akamega lingine.